Hukumu Isiitangulie Katiba

Mwananchi wa Migato, mkoani Simiyu, akishtakiwa kwa sheria anayoamini kuwa inakiuka Katiba, je, kesi yake iendelee au isubiri? Ndugu yake wa visiwa vya Ukerewe naye atauliza hayo hayo.

Sheria Na. 33 ya 1994, inayohusu utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, imeonyesha njia. Hoja ya haki hizo ikizuka katika mahakama ya chini, hakimu huipeleka Mahakama Kuu iamuliwe, isipokuwa akiiona kuwa ni upuuzi au usumbufu mtupu, au pande zote zikikubaliana vinginevyo. Ikizuka katika Mahakama ya Mwanzo, hupimwa kwanza na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Ni busara kesi isimame mpaka jibu lirudi.

Kusubiri huko si kumpendelea mshtakiwa. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichozuia dhamana. Siku zilizokwisha kupotea rumande kwa kifungu hicho hazikuweza kurudishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, subira isiwe kichaka cha wahalifu, wala isiwe kifungo cha mahabusu. Mahakimu wapime hoja upesi, na majalada yasilale maofisini. Kesi inaposimama, anayestahili dhamana apewe. Tukumbuke kwamba mwenye ng'ombe aliyeibiwa naye anangoja haki yake.