Simu Chini ya Kifusi

Jumamosi, Novemba 16, 2024, yapata saa tatu asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo. Wapita njia na wafanyabiashara walianza kufukua kwa mikono na nyundo. Hakuna aliyewapangia kazi.

Baadhi ya walionaswa chini walikuwa na simu. Waliwapigia walio nje, na siku hizo waokoaji waliwapelekea maji, glukosi na hewa ya oksijeni. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, 31 walifariki. Sisi tuliozoea kuwagombeza mabinti zetu kwa kushika simu kutwa, tulinyamaza.

Lakini betri huisha. Mama mwenzetu, je, unaijua kwa kichwa namba ya mumeo? Tulipoulizana wenyewe kwa wenyewe, wengi tulikwama. Jifunzeni wote nyumbani namba mbili za ndugu, pamoja na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Tena, anayekwenda Kariakoo aage kwa kutaja mtaa, duka, na kama ni ghorofani au chini ya ardhi. Kusema “niko mjini” hakumsaidii anayechimba.