USICHOME JEZI, ULIZA TAREHE YA MKATABA

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mavazi, tuongee kandanda. Na wewe usiyependa mpira usifungue ukurasa mwingine kwanza, maana habari yenyewe ina ahadi, ina kuachana, ina lawama na kununiana. Utaielewa tu.

Kwanza niseme wazi, mimi ni mnazi wa Simba. Sijifichi. Kwa hiyo mnaweza kukisia Julai 1, 2024 nilikuwa katika hali gani. Mkataba wa Clatous Chama na Simba ulikwisha Juni 30 mwaka ule. Kesho yake tu, Yanga wakatangaza kwamba Mzambia huyo ni wa kwao. Chama! Yule yule aliyewafunga Nkana kwa kisigino Desemba 2018. Yule yule aliyewaliza AS Vita dakika za mwisho Machi 2019. Yule yule aliyetupia mabao matatu peke yake siku Simba ilipoichakaza Horoya ya Guinea 7-0, Machi 2023. Kaondoka kama mchezaji huru, kavuka barabara hadi Jangwani, na Msimbazi haikuingia hata senti tano.

Basi vijiweni ikawa kelele. Msaliti! Mchumia tumbo! Hana shukrani! Wapo walioapa kwamba jezi yenye jina lake watadekia. Wengine wakasema wataichoma moto kabisa. Na watani zetu nao, mnawajua, kucheka hadi machozi.

Mimi roho iliniuma sana tu. Lakini hasira zilipotulia nikabaki na swali moja ambalo pale kijiweni kwetu hakuna aliyetaka kulijibu. Chama alivunja nini? Mkataba wake ulikwisha. Mtu aliyemaliza mkataba, akaenda kwa mwajiri mwingine, kosa lake liko wapi?

MCHEZAJI HURU NI NANI?

Tuelewane hapa, maana wengi wetu tunalisema neno hili bila kujua lilikotoka. Zamani huko Ulaya mchezaji hata akimaliza mkataba alikuwa bado kama mali ya klabu. Kukawa na Mbelgiji mmoja anaitwa Jean-Marc Bosman. Mkataba wake na RFC Liège ulikwisha mwaka 1990, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, klabu yake ikaweka ngumu kwa sababu ya pesa za uhamisho. Jamaa akaenda mahakamani, akasota miaka. Desemba 15, 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kwa wachezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya, mkataba ukiisha umeisha, mtu aende anakotaka bila klabu mpya kudaiwa chochote.

Baadaye kanuni za FIFA nazo zikafuata njia hiyo. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo anaruhusiwa kabisa kuongea na kusaini na klabu nyingine, wakati bado anavaa jezi yako. Wala si kwa siri. Ni sheria.

Ni sawa na mpangaji. Kodi yake ya mwaka imebaki miezi sita, mwenye nyumba yuko kimya, haji kumuuliza kama anaendelea au la. Jirani anakuja na chumba kizuri zaidi na kodi nafuu. Siku ya mwisho mpangaji anabeba godoro lake anahama. Sasa mwenye nyumba akitoka nje akaanza kupiga kelele mtaa mzima kwamba ameibiwa, si watu watamcheka?

CHAMA YULE YULE, MILANGO MIWILI

Turudi kwa Chama. Mwaka 2021, mwezi wa nane, Simba ilimuuza kwa RS Berkane ya Morocco. Dirisha hilo hilo Luis Miquissone akauzwa Al Ahly ya Misri. Tuliumia, lakini tuliumia huku klabu ikipokea pesa. Januari 2022 Chama akarudi Msimbazi, tukampokea kama mtoto aliyetoka safari. Halafu 2024 akaondoka tena, safari hii bure.

Mnaona? Mchezaji ni mmoja, klabu ni moja, mapenzi ya mashabiki ni yale yale. Kilichotofautiana ni karatasi. Mara ya kwanza mkataba ulikuwa bado una maisha, anayemtaka lazima apige hodi ofisini na bahasha mkononi. Mara ya pili mkataba ulikuwa umekata roho, hakuna hodi wala bahasha.

Sisemi viongozi walilala. Inawezekana walikaa wakapiga hesabu zao. Mtu alitimiza miaka 33 mwezi ule ule wa Juni, mshahara wake si mdogo, acheni aende. Hiyo nayo ni hesabu halali na mimi nisingebishana nayo. Lakini kama ndiyo hesabu, sisi tunaolipa kiingilio na kununua jezi tuambiwe mapema na klabu yetu wenyewe, siyo tuje kutangaziwa na watani.

Wenye akili za biashara wanafanyaje? Angalia TP Mazembe ya Lubumbashi. Mbwana Samatta walimnunua kwetu Simba mwaka 2011. Akawika, akachukua ubingwa wa Afrika wa 2015. Januari 2016 wakamuuza Genk ya Ubelgiji wakati mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache tu. Wangekaa kimya kidogo tu, kijana angeondoka mikono mitupu na wao wangebaki na picha ukutani.

NANI KAMSALITI NANI?

Hili neno msaliti tunalitumia ovyo. Mwaka 2013 Simba yenyewe haikumwongezea mkataba Juma Kaseja, kipa aliyetudakia miaka nenda rudi. Akakaa bila timu, na Novemba mwaka huo Yanga wakamsajili. Hapo nani kamsaliti nani? Mtu umemwonyesha mlango, halafu unamkasirikia kwa kutoka?

Haruna Niyonzima naye, baada ya miaka sita Jangwani, mkataba wake ulikwisha 2017 akaja kwetu. Safari hiyo wao ndio waliolia, sisi ndio tuliopiga vigelegele. Mbona siku ile hatukumwita msaliti? Tulisema ni mpira wa kulipwa. Januari 2020 alikuwa amerudi kwao tena na maisha yakaendelea.

Na Bernard Morrison je? Yule Mghana alitua Yanga Januari 2020, Agosti mwaka huo huo akawa Simba. Yanga wakasema alikuwa amesaini miaka miwili, mwenyewe akasema alisaini miezi sita tu. Kesi ikaenda TFF, Yanga wakashindwa, wakaipeleka hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Uswisi, wakashindwa tena mwaka 2021. Matusi yaliyomwagwa juu ya kijana yule hayaandikiki gazetini. Halafu mwaka 2022 alipomaliza na Simba, alirudi wapi? Yanga! Na walimpokea kwa shangwe. Waliotukana na waliopokea ni watu wale wale.

Kwa hiyo tuache unafiki. Mchezaji maisha yake ya uwanjani ni mafupi, goti moja tu likigoma kazi imeisha. Ana mama, ana watoto, ana nyumba haijaezekwa. Mimi na wewe tukiitwa na ofisi inayolipa zaidi, tutaulizana habari za mapenzi na rangi ya jengo?

BURE YENYEWE SI BURE

Sasa tuje upande wa pili, wa kusajili hao wachezaji huru. Huku nako tunadanganyana sana. Shabiki akisikia "tumempata bure" anafurahi kama kaokota. Bure ipi? Klabu aliyotoka ndiyo haikulipwa. Lakini mchezaji mwenyewe anajua kwamba mmeokoa pesa ya uhamisho, kwa hiyo anaitaka yeye, kama dau la kusaini na mshahara mnono. Wakala wake naye ananyoosha mkono. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Mfano upo kwa watani. Mwaka 2022 walimchukua Lazarous Kambole, Mzambia aliyekuwa ameachana na Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Mpira wenyewe Jangwani hakuucheza sana. Wakaachana, jamaa akapeleka madai yake FIFA, na mwaka 2024 Yanga wakafungiwa kusajili mpaka wamalizane naye. Bure hiyo?

Lakini nisije nikaonekana nawasema watani tu, wala kwamba kila mchezaji huru ni mzigo. Saidi Ntibazonkiza, Mrundi, Yanga waliachana naye 2022. Watu wakasema mzee, amekwisha. Geita Gold wakamchukua. Januari 2023 akatua Simba akiwa na miaka 35, na msimu ulipomalizika alikuwa na mabao 17 katika ligi, sawasawa na Fiston Mayele wa Yanga, wakagawana ufungaji bora. Huo ndio usajili. Hakuja kwa jina la zamani, alikuja anafunga.

Kwa hiyo mimi nikisikia timu yangu imemnasa mchezaji huru, kabla sijashangilia nauliza maswali matatu. La kwanza, kwa nini yuko huru? Amemaliza mkataba akiwa anacheza kila wiki, au ameachwa kwa sababu ya goti? La pili, ana umri gani na amepewa miaka mingapi? Mtu wa miaka 33 kumpa mwaka mmoja ni sawa, kumpa mitatu ni kujitafutia kesi. La tatu, anakuja kukaa nafasi ya nani? Kama anakuja kumweka benchi kijana wetu wa miaka 20 ambaye kesho tungemuuza, basi hiyo bure tumeilipia mara mbili.

Na kuna wengine wanaoumia ambao hatuwakumbuki kabisa. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya pesa ya uhamisho igawiwe kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Zile klabu ndogo za mtaani na mikoani, zenye kocha anayejitolea na mpira mmoja wa kuazima. Akiondoka huru hakuna pesa ya uhamisho, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

MAISHA BAADA YA CHAMA

Basi tulikufa alipoondoka? Hatukufa. Dirisha lile lile la 2024 Simba ikamleta Jean Charles Ahoua kutoka Stella ya Ivory Coast, klabu ile ile iliyotutoa machozi katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 hapa hapa Dar es Salaam. Ahoua akamaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 2025, ikafungwa na Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Ndiyo, Berkane ile ile iliyomnunua Chama 2021. Ubingwa wa ligi ulikwenda Yanga, siwezi kuficha, ni wa nne mfululizo kwao.

Na Chama mwenyewe? Alibeba ubingwa Jangwani, lakini hakuwa yule wa kuanza kila mechi kama alivyokuwa kwetu. Msimu mmoja tu ukaisha, mwaka 2025 akaenda zake Singida Black Stars. Jangwani waliocheka Julai 2024 nao wakabaki wanapunga mkono.

Ndiyo maana nasema, msomaji wangu, jezi uliyoinunua kwa jasho lako usiichome. Utakuwa umemchoma nani? Mchezaji yuko zake na mkataba mpya. Kiongozi yuko kwenye gari ana kiyoyozi. Aliyeungua ni wewe na pesa yako.

Badala yake, siku ya mkutano mkuu wa wanachama, tukimaliza kuimba na kurushiana vijembe, mmoja wetu asimame aulize swali dogo tu. Wachezaji wangapi mikataba yao inaisha Juni ijayo, na ni nani ameshakaa nao mezani? Tusikubali kujibiwa "tuko kwenye mchakato". Tutajiwe majina na tarehe. Anayebaki aongezewe kabla miezi sita haijafika. Asiyetakiwa auzwe wakati bado ana bei. Na anayeachwa aende huru, aagwe kwa heshima, tusimtukane siku akivaa jezi ya jirani.

Swali hilo hata watani zangu wa Jangwani nawapa ruhusa walitumie, siwatozi.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na mliokasirika, leteni hoja, matusi bakini nayo.