Gharama Zilizofichika za Chakula cha Kuagiza kwa Simu

Kuagiza chakula kwa programu za simu kumekuwa jambo la kawaida katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, hasa Nairobi, ambako Uber Eats ilianza kazi mwaka 2018, Glovo mwaka 2019 na Bolt Food mwaka 2021. Huduma hii ina manufaa yasiyopingika kwa mgonjwa, kwa mzazi mwenye mtoto mchanga na kwa mfanyakazi asiyeweza kuondoka kazini, lakini gharama yake halisi ni vigumu kuijua, kwa sababu imegawanywa katika vipande ambavyo vingine hulipwa na mteja, vingine na mwenye mkahawa na vingine na mwendesha pikipiki, wala hakuna hata mmoja kati yao anayeoneshwa hesabu nzima.

Vipande vya kwanza ni vile vinavyoandikwa kwenye bili ya mteja. Kuna ada ya usafirishaji, ambayo hutegemea umbali. Kuna ada ya huduma, ambayo kwa kawaida hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya chakula. Kuna ada ya oda ndogo, inayotozwa pale chakula kilichoagizwa kisipofikia kiasi fulani, na ambayo humsukuma mteja kuongeza soda au chipsi asizozihitaji. Na kuna nyongeza ya saa za mvua au msongamano, wakati waagizaji ni wengi kuliko wapelekaji. Kila ada ikitazamwa peke yake huonekana ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Kipande kikubwa zaidi hakionekani kwenye bili hiyo. Hiki ni kamisheni, yaani sehemu ya mauzo ambayo mkahawa huiachia kampuni yenye programu kwa kila oda. Nchini Marekani, kampuni ya DoorDash ilitangaza mwaka 2021 viwango vitatu vya asilimia 15, 25 na 30, kulingana na huduma ambayo mkahawa umechagua. Uzito wa asilimia 30 hudhihirika kwa mfano wa sahani ya pilau inayouzwa shilingi 1,000 mkahawani. Mwenye mkahawa akiiuza kwa bei hiyohiyo kwenye programu, atabaki na shilingi 700, ambazo sharti zitosheleze mchele, nyama, gesi, ujira wa mpishi na kodi ya pango. Akipandisha bei hadi 1,300, kamisheni nayo hupanda na atabaki na 910 tu. Ili apate shilingi 1,000 zilezile, hana budi kuuza kwa takriban 1,430. Ndiyo maana bei za kwenye simu mara nyingi huzidi zile za mkahawani, na mteja huilipa tofauti hiyo akidhani kuwa ndiyo bei ya chakula.

Mkahawa hupoteza pia mawasiliano na wateja wake, kwa kuwa namba zao za simu na mazoea yao ya ununuzi hubaki mikononi mwa kampuni. Hatari ya kuitegemea kampuni kwa namna hiyo ilionekana Desemba 2023, huduma ya kuagiza chakula ya Jumia Food ilipofungwa katika nchi zote ilikokuwa ikifanya kazi, zikiwamo Kenya na Uganda.

Mpelekaji chakula, kwa upande wake, mara nyingi hahesabiwi kuwa mwajiriwa bali mtu anayejiajiri, na kwa hiyo petroli, matairi, bima, bando la intaneti na matibabu baada ya ajali humwangukia yeye. Hispania ilitunga sheria mwaka 2021 inayowatambua wapelekaji hao kuwa waajiriwa, na jiji la New York lilianza Desemba 2023 kutekeleza kima cha chini cha dola 17.96 kwa saa, hatua iliyozifanya baadhi ya kampuni kuongeza ada kwa wateja. Ongezeko hilo halikuzua gharama mpya, bali lilimhamishia mteja mzigo ambao mpelekaji alikuwa akiubeba kimyakimya.

Jamii nzima nayo hubeba sehemu yake kwa njia ya taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini makasha, vijiko na vikopo vya kachumbari vinavyoandamana na oda moja huishia jalalani, na gharama ya kuvizoa humwangukia hata yule ambaye hajawahi kuagiza.

Dawa ya kwanza ya bei iliyofichwa ni uwazi. Mwaka 2020, jiji la Chicago lilizitaka kampuni hizo zimwoneshe mteja mchanganuo wa malipo yake pamoja na kamisheni inayokatwa mkahawa, na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zina kila sababu ya kudai vivyo hivyo. Kabla sheria ya namna hiyo haijapatikana, msomaji anaweza kulinganisha bei ya kwenye simu na ya mkahawani, kuupigia moja kwa moja mkahawa wa jirani wenye mpelekaji wake, na kumpa mwendesha pikipiki bakshishi mkononi. Anayelipia chakula ana haki ya kujua fedha yake imemfikia nani, na haki hiyo haipatikani asipoidai.