Duka la Hisani Nalo ni Duka

Shati la mitumba ulilonunua Gikomba huenda lilitundikwa kwanza katika duka la hisani Uingereza, likakosa mnunuzi. Maduka hayo huuza vitu ambavyo watu wametoa bure, na faida ikasaidia wahitaji.

Shirika la Oxfam, lililoundwa mjini Oxford mwaka wa 1942, lilifungua duka mtaa wa Broad Street vita vilipokwisha. Mwaka wa 1949 lilimwajiri Joe Mitty alisimamie. Bwana huyu aliuza kila alicholetewa, hata punda!

Lakini usidhani kwamba bidhaa za bure ni faida tupu. Kodi, stima na mshahara wa meneja hulipwa, hata kama wahudumu wengi ni wa kujitolea. Kazi yenyewe iko chumba cha nyuma, kwenye magunia. Kila nguo hukaguliwa zipu, kwapa na vifungo. Iliyo nzuri hubandikwa bei pamoja na nambari ya wiki iliyotundikwa. Wiki chache zikipita bila mnunuzi, huondolewa, ikapelekwa duka jingine au kuuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa mitumba. Meneja anayeona haya kuondoa sketi iliyoning'inia miezi mitatu huinyima nafasi nguo ambayo ingenunuliwa leo.

Nawe unapopeleka mchango kwa duka kama hilo, kumbuka kwamba shati lililoraruka (sote tumewahi kulitoa!) hugharimu pesa kulitupa. Kama huwezi kumpa dada yako, libaki nyumbani liwe tambara la kupigia deki.