Nani Analipia Ngoma ya Kijijini?

Wengi wetu tunaosoma hapa Mji Kasoro Bahari tunaiona milima ya Uluguru kila asubuhi, lakini tunachokijua sana ni maji yanayoshuka huko na ndizi za Kinole zinazofika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Soko hilo lilizinduliwa mwaka 2021, na jina lake ni la cheo cha machifu wa Kiluguru wa Kinole, waliosifika kwa mambo ya mvua. Wangapi kati yetu tunajua hilo?

Mimi nimo katika kikundi kidogo cha wanafunzi kinachowasaidia wazee wa kata moja huko milimani kuandaa maonyesho ya siku moja. Kuna vyombo vya zamani, ngoma, na simulizi za mwaka 1955, Waluguru walipokataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na wakoloni wa Kiingereza mpaka mradi ukafutwa. Swali ninaloulizwa kila mara hosteli ni moja: "Hela mnatoa wapi?" Jibu lina mambo mengi, ndiyo maana naandika.

Tuanze na gharama. Vyombo havinunuliwi, vimo majumbani. Kinachokula hela ni turubai na viti vya kukodi, jenereta na spika, nauli za wazee, chakula, na kuchapisha picha. Halafu kuna gharama ambayo huwa haiandikwi kwenye bajeti: muda. Mpiga ngoma wa kijijini ni mkulima. Siku mbili za mazoezi ni siku mbili ambazo shamba lake halijapaliliwa. Ukimwambia acheze kwa kuipenda jadi, wakati wewe mratibu unachukua posho, huo ni unyonyaji tu hata ukiupamba vipi.

Sasa hela. Mlango wa kwanza ni halmashauri. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarudi 2024. Ni nzuri, ila ni mkopo, na mkopo unadai marejesho. Maonyesho ya bure hayarejeshi kitu. Tulichojifunza ni kutenganisha mambo: kina mama wanaosuka mikeka na vikapu wakope kwa ajili ya malighafi, na maonyesho yawe soko lao. Mkeka ndio unaolipa deni, ngoma haidaiwi.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Utamaduni. Ule wa mwanzo ulianza mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden na ulikuwa ukitoa ruzuku. Mfuko wa sasa umejikita kwenye mikopo kwa wasanii kupitia benki. Kwa msanii wa mjini mwenye studio na mikataba, hilo linaeleweka. Kwa bibi wa Uluguru ni kazi ngumu. Waluguru hurithi kwa upande wa mama, na mashamba mengi ni ya ukoo. Anayelima si mwenye mali peke yake, kwa hiyo hawezi kuamka tu akaliweka shamba rehani. Akiulizwa dhamana, ataonyesha nini?

Mlango wa tatu ni wafadhili wa nje. Balozi kadhaa huwa na fedha za utamaduni. Marekani, kwa mfano, ina mfuko wa mabalozi wa kuhifadhi urithi tangu mwaka 2001. Fedha hizi husaidia, lakini zina kalenda yake na siku zake za kuondoka. Sauti za Busara la Zanzibar, tamasha kubwa lenye jina dunia nzima, lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ikiwa hao waliyumba, kikundi cha kata kitasimama na nini? Tena mfadhili huvutwa na historia inayomgusa. Mazimbu, palipokuwa na shule ya ANC kuanzia mwaka 1978, ina marafiki mpaka Afrika Kusini. Mzee wa Matombo anayesimulia vurugu za matuta hana balozi wa kumpigia simu.

Hapo ndipo panapokuja suala la ridhaa. Mfadhili mmoja alitukubalia, kwa sharti kwamba tuonyeshe mbele ya kamera vifaa vya kumtoa mwali, pamoja na mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mbao. Vinyago vya aina hiyo tayari vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya. Bibi mwenye kauli katika ukoo ule alikataa: mambo ya wali si ya kila jicho. Wajomba wakamuunga mkono. Hela ile ikaondoka, maonyesho yakawa madogo, na bado naona bibi alikuwa sahihi. Ukiingiza hela kabla ya ridhaa, mwenye hela ndiye atakayeamua nini ni siri na nini si siri.

Mlango wa nne ni watu wenyewe. Angalieni Bujora kule Mwanza. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na padri Mkanada, David Clement, lakini kinachojaza uwanja wakati wa Bulabo ni ushindani wa Bagika na Bagalu. Watu huja kwa sababu wanataka kuona upande wao ukishinda. Huo ni mtaji ambao hakuna benki inayoutoa. Huku kwetu tuna wageni wanaopanda mlima kwenda Morningside. Utalii wa utamaduni ulioenea nchini tangu miaka ya 1990 ulijengwa juu ya wazo rahisi: sehemu ya anacholipa mgeni ibaki kijijini. Ikipangwa kwamba kiasi fulani kiende kwenye ngoma, na mkutano wa kijiji ukasomewa hesabu, maonyesho yatakuwa na fungu lake hata mfadhili akiaga.

Kwa maoni yangu, mpango unaofaa ni kuchanganya: michango na fungu la wageni vibebe chakula na nauli, mkopo ubebe bidhaa, na ruzuku ya nje inunue vitu vinavyobaki, kama turubai, spika na kabati la vyombo. Msitumie ruzuku kulipa posho za kila mwaka, maana ikikatika na ngoma inakatika.

Na sisi wa chuo? Hatuna hela, bumu lenyewe tunalijua. Ila kikundi cha kijijini hukwama mara nyingi kwa kukosa katiba, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki na daftari la risiti. Unayesoma uhasibu Mzumbe, au maendeleo vijijini SUA, hiyo ni kazi ya wikiendi mbili tu. Panda gari la Kinole, wasalimie wazee, kaa uulize wanataka kuonyesha nini na wanataka kuficha nini. Bajeti ianzie hapo.