Kiatu cha Popote: Utangulizi kwa Wanaoanza Elimu ya Kiatu cha Kike

Mwanamke anayeshuka kwenye basi la mwendokasi kituo cha Msimbazi asubuhi ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, atakanyaga ardhi za aina nne kabla hajafungua duka. Kwanza lami yenye maji. Kisha matofali ya njia ya waenda kwa miguu, ambayo baadhi yake yamelegea na yameficha maji chini, yakikanyagwa yanarusha hadi kwenye pindo la gauni. Halafu tope la pembeni mwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, lililochanganyika na maboksi ya bidhaa zilizofunguliwa alfajiri. Mwisho ni marumaru ya dukani, yaliyopigwa deki sasa hivi, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari kuliko kote alikopita. Miguuni ana jozi moja. Ya pili, ile ya kupendeza, imo kwenye mkoba, itavaliwa akishakaa.

Elimu ninayokukaribisha inaanzia kwenye jozi ile ya kwanza. Wahandisi wana kipande chake, madaktari wa mifupa wana chao, wanahistoria wa biashara wana chao, na mafundi viatu wa barazani wana kipande kikubwa kuliko wanavyopewa sifa. Mwanafunzi mpya hutarajia kwamba tutazungumzia mitindo. Mitindo ipo, nami siidharau, maana kiatu ambacho mwenyewe anaona haya kukivaa hakina msaada hata kikiwa imara namna gani. Lakini swali letu kuu ni jingine: kiatu kimoja kikitakiwa kwenda popote, kwenye mguu wa mwanamke, tunakichaguaje?

Ili swali lionekane vizuri, nitakupeleka kwanza mahali ambapo mzigo wa Kariakoo haufiki. Skii ni mbao mbili ndefu, siku hizi zenye chuma na plastiki ndani yake, ambazo mtu huzifunga kwenye buti ngumu ili ateleze juu ya theluji. Usidhani jambo hili ni geni kabisa kwetu. Mwaka 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro wakiwa na skii, wakazitumia kushukia kwenye barafu ya Kibo. Mwanamke wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha juu kabisa, Sheila MacDonald, alifika mwaka 1927, kwa buti. Na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018.

Simader ni mwanamashindano, na mwanamashindano hana shida ya kiatu cha popote. Kila aina ya mbio ina skii yake: ya kona fupi ni fupi, ya mwendo mkali ni ndefu na ngumu. Shida ni ya mwanamke wa kawaida anayekwenda mlimani wikendi na kukutana na barafu asubuhi, theluji laini adhuhuri na rojorojo jioni, naye amenunua jozi moja. Kwa ajili yake watengenezaji wana kundi zima wanaloliita skii za mlima wote. Upana wa skii chini ya buti ndio unaoamua mengi. Nyembamba, ya milimita 70 hivi, inauma barafu vizuri lakini inazama kwenye theluji laini. Pana, ya milimita 110, inaelea kwenye theluji laini lakini kwenye barafu inachelewa kugeuka na kuchosha magoti. Zile za mlima wote ziko katikati, takriban 80 hadi 100, na hakuna mahali hata pamoja ambapo zinazishinda zile maalumu.

Hapo ndipo fikra ya elimu hii ilipo, na ukiishika hapa hutapotea mbele: kifaa cha popote ni mapatano ya hasara. Muuzaji atakutajia sifa zake, na sifa zitakuwa za kweli, lakini sifa hazisaidii kuchagua, kwa kuwa kila jozi inazo. Unachochagua hasa ni udhaifu. Je, ni upungufu upi unaoweza kuishi nao, na ni upi utakaokuvunja nyonga?

Turudi Mtaa wa Kongo. Pale Mchikichini, kwenye mitumba, kuna raba nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kukimbia kwenye njia za milimani huko Ulaya na Marekani. Zina soli yenye meno marefu, na mnunuzi akiziona hufikiri: kama zinapanda mlima, Kariakoo itazishinda nini? Itazishinda marumaru. Meno marefu yanashika vizuri kwenye udongo kwa sababu yanazama ndani yake. Kwenye sakafu ngumu hayana pa kuzama, kwa hiyo mwili wote unabebwa na ncha chache, na eneo linaloshika linapungua. Mbaya zaidi, tope hujaa katikati ya meno likakauka, na unapoingia dukani umebeba udongo unaoteleza chini ya soli inayosifiwa kwa kushika. Kwa mji wetu afadhali meno mafupi, mengi, yenye mifereji inayotoa maji pembeni, na mpira ambao ukiubonyeza kwa kidole unakubali kidogo. Mpira mgumu unaong'aa kama plastiki unadumu miaka, ila kwenye sakafu yenye maji hauna uaminifu wowote. Mpira laini unashika, na unaisha haraka kisigino. Hiyo ndiyo hasara ambayo mimi ningeikubali, kwa kuwa kisigino fundi anakibadilisha, na nyonga hawezi.

Yeboyebo nayo inastahili heshima kuliko inavyopewa na wasomi. Haihifadhi maji, inaoshwa bombani, inakauka kabla chai haijapoa. Udhaifu wake ni kwamba ikishalika chini haitoi onyo: leo inashika, wiki ijayo inakuangusha. Anayeivaa mvua zote aigeuze atazame soli kila mwezi, kama dereva mwangalifu anavyotazama matairi.

Sasa tuuchukue mwili, maana hapa ndipo elimu ya kiatu cha kike inapotengana na elimu ya kiatu kwa jumla. Kila kiatu cha kufunika mguu hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu la mbao au plastiki. Kalibu ikiwa ya mwanamume, hata ukiipunguza na kubadilisha rangi ya ngozi, bado ni ya mwanamume. Mwaka 2001 Roshna Wunderlich na Peter Cavanagh walichapisha vipimo vya miguu ya wanajeshi wa Marekani, wanaume kwa wanawake, na wakaonyesha kwamba mguu wa mwanamke si wa mwanamume uliopunguzwa. Tofauti za umbo zilijitokeza kwenye uvungu wa wayo, upande wa nje, kidole gumba na sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Ndiyo maana mwanamke anayevaa raba ya kiume ya namba ndogo mara nyingi hulalamika jambo lilelile: mbele inabana au ni sawa, lakini kisigino kinapanda na kushuka kila hatua mpaka soksi inatoboka.

Watu wa skii walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mmarekani Jeannie Thoren alitumia miaka mingi akisisitiza kwamba vifungo vya buti visogezwe mbele kwenye skii za wanawake, kwa kuwa uzito wa mwili wa mwanamke haukai pale watengenezaji walipodhani. Buti za kike za skii nazo hutengenezwa na shingo fupi na pana zaidi, kwa sababu shavu la mguu wa mwanamke huwa linaanzia chini zaidi. Anayenunua buti za mvua atafahamu maana yake bila mwalimu: buti ya kiume inamkata pale nyama ya mguu inapoanza kujaa, na jioni ana alama nyekundu mguu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume walioandika vitabu vya awali vya fani hii hawakuwa na sababu ya kulijua. Mimba, hasa ya kwanza, huweza kushusha uvungu wa wayo na kurefusha mguu kwa milimita kadhaa, na mara nyingi haurudi. Mama anayesema "mimi navaa 38 tangu shule" anasema kweli kuhusu mguu wa shule.

Na hiyo namba yenyewe? Namba 38 na 39 tunazoziita hapa ni za mfumo wa Ulaya, ambao kila hatua moja ni theluthi mbili za sentimita, na unapima kalibu, si mguu. Namba 39 ni kalibu ya sentimita 26. Mguu unaoingia humo kwa raha ni mfupi zaidi, kwa sababu vidole vinahitaji nafasi ya sentimita moja au zaidi kidogo mbele. Nafasi hiyo kila kiwanda huikata kinavyotaka, ndipo 39 ya Guangzhou isilingane na 39 ya Italia. Mfumo wa Kiingereza unahesabu kwa theluthi ya inchi na kuanzia kwingine kabisa. Watu wa skii wana mfumo wa kistaarabu kuliko yote: buti zao huandikwa urefu wa mguu kwa sentimita, basi. Ukiona 24.5, ni mguu wa sentimita 24.5. Sioni kwa nini viatu vya mtaani visiuzwe hivyo, na nawaachia wanafunzi watakaoingia serikalini walipiganie.

Historia ya hapa nyumbani ina sura moja ambayo siwezi kuiruka. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, kikipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na robo tatu yake ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Jengo halikusanifiwa kwa hali ya hewa ya Tanzania wala halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Wanauchumi huisoma habari hii kama habari ya mikopo. Mimi huisoma kama habari ya mguu uliosahauliwa. Mpango ulimtazama mnunuzi wa Ulaya, na mwanamke wa Mwembesongo au Gerezani hakuwa hata pembeni ya ramani. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, nafasi hiyo ilijazwa na mitumba, baadaye na makontena ya China, na hadi leo mguu wake unavishwa kwa kalibu zilizochongwa kwa ajili ya wengine.

Mitumba ina ugonjwa wake ambao lazima uufahamu mapema. Buti za kupandia mlima na viatu vingi vya kutembelea vina soli ya kati ya povu aina ya poliuretani, laini na ya starehe. Povu hilo huliwa na unyevu polepole, hata kiatu kisipovaliwa. Na joto la pwani huongeza kasi. Kwa hiyo jozi iliyokaa miaka kabatini Ujerumani, ikasafiri ndani ya kontena, ikafika Ilala iking'aa kama mpya, inaweza kuachia soli yote siku ya tatu. Muuzaji anasema, "Dada, hii orijino, haijavaliwa kabisa," naye hadanganyi. Kutovaliwa ndiko kulikoificha. Bonyeza ukingo wa soli kwa ukucha, kunja kiatu mara mbili tatu karibu na vidole, utazame pembeni kwa mwanga. Ukiona nyufa nyembamba au unga, kirudishe juu ya rundo. Fundi anaweza kupiga uzi soli iliyobanduka, na mafundi wetu huipigia uzi hata raba mpya kwa tahadhari, lakini povu lililooza halishiki uzi wala gundi.

Zoezi la kwanza hufanyika nyumbani, saa kumi jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa kutembea. Simama, uzito ukiwa miguu yote miwili, mtu mwingine achore mguu wako kwenye karatasi, kalamu ikiwa wima. Pima urefu, upana wa mbele na upana wa kisigino, kila mguu peke yake, kwa kuwa mara nyingi mmoja huzidi. Kisha orodhesha ardhi unazokanyaga kwa wiki, na mbele ya kila moja andika ungeumiaje kama ungeteleza hapo. Nenda na karatasi zote mbili Mchikichini au Kongo. Toa soli ya ndani ya kiatu unachokitamani, iweke juu ya mchoro. Ikiwa mguu unatoka nje pembeni, kirudishe hata kama namba ni yako na bei imeshuka mara mbili. Ikiwa umeingia, anza sasa kuuliza udhaifu wake.