Unauza spesa za tairi mtandaoni? Muulize mteja haya kabla hujamtumia mzigo

Leo naongea na nyie mnaouza vifaa vya gari Instagram na kwenye status za WhatsApp, hasa mlioanza kuuza spesa za tairi. Mimi nauza, na bidhaa hii nusura iniponze.

Kwa asiyezijua: spesa ni kipande kinene cha alumini kinachokaa kati ya habu na rimu, kinasukuma tairi lije nje. Ukifunga ya milimita 30 kila upande, gari linatanuka milimita 60 kwenye ekseli hiyo. Wenye Prado, Patrol na Jimny za porini wanazipenda sana. Wapo wanaotaka gari lisimame kibabe tu, lakini wengi wameweka tairi pana linalokwaruza kwa ndani wakikata kona, au rimu mpya inagusa kalipa ya breki. Hao wana shida ya kweli na watanunua.

Sasa kisa changu. Niliposti spesa, nikaandika "zinaingia gari zote za nati sita". Dereva mmoja wa watalii Arusha, mwenye Prado, akalipia nne, nikampakilia kwenye basi. Siku kama kumi baadaye akanipigia: "Dada, gari linatetemeka nikifika spidi 80." Nikamjibu kama mtu asiyejua anachouza: "Kafanye balansi, kaka." Akafanya, mara mbili. Wiki iliyofuata akanitumia picha. Stadi mbili za gurudumu la nyuma zimekatika, na matundu ya spesa yamevutika yakawa kama yai. Alisikia mlio wa kugonga akasimama. Bahati alikuwa peke yake, hana wageni. Nilimrudishia hela yote na stadi mpya nikanunua mimi.

Nilipokaa na fundi wangu tukaangalia zile spesa, tukakuta makosa mawili: langu, na la aliyefunga.

Langu ni hili. Prado na Patrol ya zamani (Y61) zote zina nati sita, na ukipima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo unapata milimita 139.7. Kwa hiyo ni kweli spesa "inaingia". Lakini habu ya Prado ina kipenyo cha kama milimita 106, ya Patrol ni 110. Mimi nilituma zenye tundu la 110. Yaani spesa haikukaa juu ya habu, ilikuwa inashikiliwa na nati tu, na hata uikaze vipi ni rahisi ikae pembeni kidogo. Ndiyo ile tetemesha ambayo balansi haiwezi kuiondoa. Na siyo tundu tu: stadi za Toyota hiyo ni M12x1.5, za Nissan hiyo ni M12x1.25. Nati ya moja haikai kwenye nyingine, ila fundi mwenye haraka na mashine ya upepo ataiingiza kwa nguvu na kuua nyuzi. Jimny nayo ina nati tano kwenye duara hilohilo la 139.7, habu 108. Land Cruiser 200 ni nati tano duara la 150, habu 110, stadi nene za M14. Kwa hiyo neno "universal" kwenye boksi lisikudanganye. Chukua vernia, pima mwenyewe, andika namba kwenye posti.

Siku hizi mteja akiniuliza bei, kabla ya kumjibu namuuliza gari gani, mwaka gani, na rimu ni za chuma au za alumini. Wanaudhika kidogo, wanadhani namzungusha mtu. Swali la rimu lina maana. Rimu nyingi za alumini za kiwandani za Toyota zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, wakati matundu ya spesa nyingi yamechongwa kwa ajili ya nati ya koni. Akichukua nati zake za zamani akafungia spesa, zitakaza kwa macho lakini hazijakalia kitu. Nati za ndani lazima ziwe zile zilizokuja na spesa. Za nje zifuate rimu.

Kuna pia zile spesa nyembamba zisizo na stadi zake, unazipachika tu kwenye stadi za gari. Mimi nimeacha kuziuza. Zinakula urefu wa stadi, na nati inatakiwa ishike nyuzi angalau sawa na unene wa stadi yenyewe: kwa M12x1.5 ni mizunguko 8 kamili. Ikiwa pungufu, hapana. Na mtu asije akapanga spesa mbili juu ya moja, hata akikulilia.

Kosa la fundi lilikuwa la kawaida tu. Hakusafisha habu. Kutu na matope yakikaa katikati, spesa inabanwa juu ya uchafu. Uchafu ukisagika, nati zinalegea. Habu ipigwe brashi ya waya mpaka ing'ae, na vile vibanio vidogo vinavyoshika diski au dramu vitolewe. Asipake grisi pale. Spesa ikikaa, aangalie kama stadi za zamani zinatokeza kuliko uso wa spesa. Zikitokeza na rimu haina vishimo nyuma vya kuzipokea, rimu haitalala, na hapo ni spesa nene zaidi au afute biashara. Nati azianze kwa mkono, akaze kwa kuvusha upande hadi upande, amalizie na toki renchi, siyo mashine ya upepo. Kwa Prado ni kama Nm 110. Gari jingine afuate kitabu chake. Kisha azungushe usukani kulia na kushoto mpaka mwisho aone kama tairi linagusa madigadi.

Kinachosahaulika ni kwamba nati za ndani zinajificha nyuma ya rimu. Dereva anakaza zile anazoziona kila siku, anajisifu, kumbe zilizolegea ni za ndani. Lazima tairi livuliwe.

Na mwambie ukweli mwingine hata kama utakupunguzia mauzo: beringi zinabeba mzigo zaidi, usukani unaweza kuwa mzito, na bima yake aiulize kwanza. Mmoja aliahirisha baada ya kusikia hivyo. Akarudi kununua taa.

Kwenye posti andika pia kama bei ni ya pea au ya nne. Ugomvi wa hapo nimeuona sana.

Huu ndio ujumbe ninaotuma mzigo ukipanda basi, nakili kama unautaka: "Kaka, spesa zako ni za Prado 120, tundu 106, M12x1.5. Fundi asifunge kabla hajasafisha habu. Ukitembea kilomita 80 hivi, vua tairi, kagua nati za ndani kwanza, ndipo za nje. Nitumie picha."

Wengi hawatumi hiyo picha. Siku ya tatu nawapigia.